Kanda Ambayo Haikuingia Katika Mirathi

Baba yetu alipofariki dunia mwezi wa Rajabu mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu, sisi watoto wake wanne tulikutana Sumbawanga kwa ajili ya mirathi. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Madeni yalikuwa yamekwisha kulipwa, wasia haukuwepo, na mama alikuwa ametangulia mbele ya haki tangu mwaka 2001. Sheikh aliyetusaidia alihitaji karatasi moja tu: wana wawili, mabinti wawili, mafungu sita. Nyumba, kiwanja na fedha zilizobaki katika biashara ya samaki vikatiwa thamani, na kila mmoja akajua haki yake. Kisha tukafungua kabati la chumbani, tukalikuta sanduku la kanda.

Zilikuwa kanda 47. Sheikh alizitazama, akauliza zinauzwa kiasi gani sokoni. Tukatazamana. Hakuna mtu mjini Sumbawanga leo ambaye angetoa hata shilingi mia moja kwa kanda ya kaseti. Akasema kitu kisichokuwa na mnunuzi tukubaliane wenyewe kwa wema. Juu ya kanda 46 tulikubaliana kabla chai haijapoa. Ile moja iliyobaki ndiyo iliyotuweka kitako mpaka adhana ya Isha.

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wa baba, kwa wino wa buluu: "Maulidi, banati, 1414." Ndani yake ndimo ilimo sauti ya mama yetu, na hatuna nyingine popote.

Wenye umri wetu wanakumbuka kanda ilikuwa nini katika nchi ya Ufipa. Santuri zilitangulia, lakini zilitupita kwa mbali. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari mwaka 1928 pamoja na wenzake kwenda Bombay ili sauti yake iingizwe katika santuri. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alipokamilisha kurekodi Qur'ani yote kwa tartili mwaka 1961, nayo ilitoka kwanza kwa santuri. Santuri ni kitu cha kiwandani. Hata nyimbo zilizorekodiwa Dar es Salaam zilipaswa kupelekwa Nairobi kuchapwa. Mtu wa Sumbawanga alikuwa msikilizaji tu, tena akiwa na bahati ya kuwa na gramafoni. Kanda, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963, ilikuja na jambo jingine kabisa: mashine ile ile iliyotoa sauti iliweza pia kuipokea. Hapo ndipo mwalimu wa madrasa katika mji wa baridi juu ya uwanda, mbali na kila studio, alipoweza kurekodiwa akiwa nyumbani kwake.

Duka la kanda tulilolijua utotoni lilikuwa karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mzee aliyetoka Ujiji, sisi tukimwita Babu Kanda, naye hakuudhika. Mzigo wake ulikuja kwa njia mbili. Za Dar es Salaam zilipanda basi mpaka Mbeya na Tunduma, kisha zikaianza barabara ya vumbi ambayo masika iliweza kumlaza abiria njiani. Za Kigoma na Ujiji zilipanda meli ya Liemba, zikateremshwa Kipili au Kasanga, ndipo zikapandishwa huku juu pamoja na magunia ya dagaa. Kanda za namna hiyo zilifika na harufu ya ziwa, nasi tulizijua kwa pua kabla ya kusoma maandishi yake.

Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya tilawa, na Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad ndiye aliyechukua nafasi kubwa. Chini yake mawaidha, kisha qaswida za madrasa za pwani. Chini kabisa, karibu na magoti, taarabu za Ikhwan Safaa na Culture Musical Club za Unguja. Kuhusu ala wanazuoni wana maneno yao, na sisi si wa kuyamaliza hapa; tunasema tu kwamba ndani ya sanduku la baba tumekuta kanda tatu za taarabu zimefunikwa kwa gazeti.

Babu Kanda hakuuza kanda za asili ila kwa nadra. Aliweka moja ya asili dukani, na kwa redio yake ya deki mbili akanakili katika kanda tupu kwa kila aliyeagiza. Kanda ya dakika 60 ina nusu saa kila upande, ya dakika 90 ina dakika 45, na mahesabu hayo ndiyo yaliyoamua mengi: sheikh mmoja maarufu tulimsikia miaka yote akikatika katikati ya hadithi, mpaka tulipokuwa watu wazima tukaja kujua ilivyomalizika. Lazima tukiri pia kwamba waliosoma qaswida zile huko pwani hawakupata hata senti ya biashara hii. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa mwaka 1999, na Sumbawanga haikuisikia kwa haraka. Baba aliwahi kumuuliza mzee yule juu ya haki ya wenye sauti. Alijibu kwamba na yeye jambo hilo linamkosesha usingizi, kisha akaendelea kunakili.

Lakini alikuwa na daftari. Kila kanda aliyonakili aliiandika: nini, kwa ajili ya nani, na anakaa wapi. Kama kanda yako imeliwa na redio, ulirudi kwake akakutolea nyingine kutoka katika ile ya asili. Daftari hilo tutarudi kwake.

Usiku ule wa maulidi, mwishoni mwa Agosti 1993, mama aliwakusanya mabinti wa madrasa yake uani kwetu. Baba hakuingia, kwa kuwa ulikuwa mkusanyiko wa wanawake. Alimkabidhi dada yetu mkubwa redio, akamwonyesha namna ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile chekundu na cha kuchezea. Mama alikubali kurekodiwa kwa sharti moja, kwamba kanda iwe ya mabinti wanaokaribia kuolewa na kuhama, wapate cha kukumbuka madrasa. Siku ya pili baba akavunja vile vijiplastiki viwili vilivyo mgongoni mwa kanda. Asiyejua na ajue: vikishavunjwa, redio hukataa kurekodi juu yake. Ndiyo ilikuwa kufuli ya kanda. Kila mtoto wa zama zile, hata hivyo, aliujua ufunguo wake, kikaratasi kilichokunjwa na kusukumwa katika tundu.

Baada ya mirathi tulizunguka mji mzima tukitafuta redio kaseti inayofanya kazi. Tulizipata nne, zote zimekufa. Wenyeji wetu walicheka, kisha wakaanza kutuhadithia za kwao: betri walizokuwa wakizianika juani ili zipate nguvu ya jioni, kalamu ya kuzungushia utepe uliojikunja, na ndoa moja iliyotaka kuvunjika kwa sababu ya kanda iliyoazimwa na isirudi. Mwishowe fundi mmoja wa redio, mzee wa makamo, akatuambia tumwachie siku tatu. Mkanda wa mpira wa ndani ulikuwa umeyeyuka kama lami. Akaungaunga mwingine, akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akatuita.

Kabla ya kuiingiza kanda aliigeuza, akaitazama mgongoni. Akachukua sindano, akatoa katika tundu moja kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa cha daftari la shule, na juu yake, kwa penseli, kulikuwa na nusu ya herufi ya Kiarabu iliyoandikwa na mkono wa mtoto. Hakusema neno. Akabonyeza.

Mama akaanza. Mabinti wakamwitikia, na nyuma yao upepo wa Agosti ukipiga bati. Tulikuwa tumesahau kwamba alikuwa akivuta pumzi kwa sauti kabla ya kila beti, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Dakika kumi na nne hivi. Kisha tukasikia tak, na mtangazaji wa Radio Tanzania akiutangaza mpira kwa kupaza sauti. Ilikuwa fainali ya Kombe la CAF ya mwaka 1993, Simba na Stella ya Abidjan, jijini Dar es Salaam, ile ambayo Simba alifungwa mabao mawili. Upande wote wa kwanza uliobaki ulikuwa mpira. Upande wa pili ulisalimika nusu yake, na humo mna dua ya mwisho.

Miezi mitatu tu ilikuwa imepita kati ya maulidi na mechi ile. Mama alikuwa hai, jikoni, akipika. Sauti yake tuliisikia kutwa, ikituita, ikitukaripia, na hakuna aliyedhani ni kitu cha kuwekwa. Mmoja wetu alihitaji kanda, akachukua iliyokuwa karibu.

Ni nani? Watatu kati yetu tulikuwa na umri wa kulifanya. Sote tulikwenda madrasa ile ile, sote tuliandika kwa penseli, na sote tuliusikiliza mpira ule. Pale kwa fundi hatukuulizana. Hata leo tunapoandika haya kwa pamoja, aliyefanya anajua, au pengine amesahau na hajui kwamba ni yeye. Tumeona bora kusema ni sisi.

Ni njiani, tukirudi kutoka kwa fundi, dada mkubwa aliposimama ghafla. Alikumbuka kwamba kabla ya mechi, baba alimtuma kwa Babu Kanda na kanda hiyo, zinakiliwe tatu kwa mabinti watatu waliokuwa wakiolewa. Kwa hiyo sauti nzima ilikuwepo, mahali fulani, mara tatu. Na majina yalikuwa katika daftari.

Tulikwenda moja kwa moja. Duka halipo. Mahali pake pana kibanda cha wakala wa pesa za simu, kinauza pia chaja na vioo vya simu, na kijana aliyemo ni mpole sana ila hajapata kusikia kwamba hapo palikuwa na kanda. Majirani walitueleza kilichobaki. Kwanza zilikuja sidii, mzee akajitahidi nazo. Halafu vijana wenye kompyuta wakawa wanajaza qaswida mia mbili katika memori kadi ndogo kuliko ukucha, kwa bei ya kanda moja. Akafunga, akarejea Ujiji, na huko amefariki. Daftari hakuna anayelijua. Kanda za asili alizoacha zilichukuliwa na mtu wa bonde la Ziwa Rukwa aliyekuwa na shamba la mpunga. Akazichomoa tepu zake, akazitandaza shambani zipeperuke na kumetameta, zifukuze ndege.

Hatumlaumu mwenye mpunga. Ndege wa bondeni ni balaa. Lakini tulikaa tukifikiri: duka lile tulilihesabu kuwa mahali pa kununua tu, kumbe ndilo lililokuwa likitunza nakala za mji mzima, na mtunzaji ni mzee mmoja na kalamu yake.

Wakati huo huo fundi alikuwa ameihamishia sauti iliyobaki katika flashi, nasi tukapata ugomvi mpya. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita usiku ule wa maulidi, alitaka iingizwe katika kundi la familia kwenye simu jioni ile ile, wajukuu wamsikie bibi yao. Dada mkubwa alikataa kata kata. Kanda, alisema, ilikaa kabatini. Aliyeitaka aligonga hodi, akaomba, baba akamtazama usoni. Ikiingia katika simu itakuwa Dubai kabla ya Magharibi, na mama hakuwa mwanamke wa kusikika kwa watu asiowajua. Wanazuoni wamesema mengi juu ya sauti ya mwanamke, na kila upande wetu ulikuwa na hoja zake, nyingine zikiwa zimechukuliwa humo humo simuni. Tukampelekea Sheikh. Yeye hakutoa fatwa. Alituuliza tu: mwenyewe alipokubali, aliikubali kwa ajili ya nani?

Jibu tulikuwa nalo. Flashi iko kwa dada. Wajukuu wanakwenda kwake, wanasikiliza, wanaondoka. Mdogo wetu hajaridhika, na huenda haki iko kwake, kwani flashi nayo hufa bila taarifa.

Tukaanza kuwatafuta wale mabinti watatu kwa kuuliza watu, kama zamani. Mmoja amefariki Laela, na vitu vyake viligawanywa. Wa pili alihamia Zambia, habari zake zimekatika. Wa tatu yuko Kirando, ni bibi sasa, na mwezi huu alimpigia dada simu. Kanda anayo, katika mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la khanga zake. Hana cha kuipigia tangu miaka mingi, lakini hajaitupa. Tulimwomba aitume kwa basi. Akakataa. Akasema kanda ni yake, alipewa na mwalimu wake siku ya harusi, na haitoki mlangoni kwake. Kama tunataka kumsikia mama yetu, twende na redio, tukae chini, tusikilize naye, na tukiondoka tuiache pale ilipo.

Tumekubali. Fundi ametuazima redio, na dada ameifunga katika kitenge pamoja na betri sita mpya na sita za akiba, maana umeme wa njia ile hatuutegemei. Wawili wetu wameomba ruhusa kazini. Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri tunapanda gari la Namanyere, tuteremke ziwani, sote wanne.