Seva Isiyolala

Kliniki za VVU za Migori na Homa Bay zilizoea kabati za chuma zilizofurika mafaili. Kuanzia 2012 ikaingia KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya OpenMRS, programu ambayo ilikulia kwa sehemu Eldoret. Katika vituo vidogo nilivyohudumia iliendeshwa kwenye Ubuntu, na seva yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani tu, kando ya dirisha la dawa, mashine nyingine zikiitegemea kupitia kebo.

Kompyuta ya mezani hudhani kwamba kibodi isipoguswa hakuna kazi. Karani angeinuka kutafuta faili kabatini, skrini ingezimika, na punde kelele zingetoka vyumba vyote: “Sistimu imeenda!” Watu waliotoka Muhuru, au waliovuka ziwa kutoka Mfangano, wakabaki benchini. Seva ilikuwa imelala, basi.

Mwanzoni tulipita akaunti moja moja tukizima usingizi kwenye mipangilio ya umeme. Haikudumu. Mpangilio ule ni wa mtumiaji, si wa mashine. Karani mpya akifunguliwa akaunti, usingizi unarudi naye. Na kitufe cha kulaza mashine kilibaki kwenye menyu, nacho kilichomo kwenye menyu hubonyezwa. Kuna kituo tulikobandika karatasi ukutani: USIZIME, USILAZE. Ilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kisha tukajifunza polkit, ambako msimamizi huandika nani anaruhusiwa kuilaza mashine. Tuliandika: hakuna. Ubuntu 12.04 ilikuja na usingizi wa diski, ule unaonakili kumbukumbu yote kisha kukata umeme, ukiwa umefungwa kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa kompyuta nyingi zilishindwa kuamka. Ila ruhusa zenyewe zilibadilika majina, kutoka za UPower hadi za logind, na faili letu la zamani likabaki kama askari anayelinda lango lililokwisha kuhamishwa.

Systemd ya Ubuntu 16.04 ndiyo iliyotupumzisha: systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target. Mstari mmoja, mashine nzima, awe ameingia nani. Na ulihitajika, maana GNOME 3.28 ya 2018 ilianza kulaza kompyuta baada ya dakika 20 za ukimya hata ikiwa kwenye stima. Siku hizi napendelea AllowSuspend=no na AllowHibernation=no ndani ya sleep.conf, zilizokuja na systemd 240 mwishoni mwa mwaka huohuo: kitufe chenyewe hutoweka, karani habaki na cha kujaribu. Penye laptopu, ongeza HandleLidSwitch=ignore ndani ya logind.conf, maana watu hufunika wakienda chai.

Tunachobishania bado na wenzangu ni usingizi wa diski. Stima ikipotea Mbita na UPS ikibakiwa na dakika chache, wao wanaona ungeokoa kazi iliyo wazi. Mimi naona hifadhidata ya MySQL ikizimwa kwa utaratibu iko salama zaidi kuliko ikigandishwa katikati ya kuandika. Kwa hiyo UPS inaamuru kuzima kabisa, na BIOS inaiwasha mashine stima irudipo.