Kasha la Babu na Mafundi wa Chiniot



Sebuleni kwetu mjini Jinja, Uganda, lipo kasha la mti wa shisham lililotiwa njumu za shaba ya manjano. Baba wa babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuja nalo kutoka Chiniot, mji ulio ukingoni mwa mto Chenab katika Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Alikuwa seremala, mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901.

Tulipofukuzwa Uganda mwaka 1972 tuliondoka na nguo tu. Jirani yetu, bibi wa Kisoga, alilificha kasha chini ya magunia ya mahindi, na tuliporudi miaka ya 1990 akatukabidhi pamoja na ufunguo wake. Allah amlipe kheri. Lakini njumu za mfuniko zinabanduka, na katika ukoo mzima wa seremala yule hakuna anayejua kuzirudisha. Sisi ni wauza dawa na wahasibu.

Mwaka juzi, Alhamdulillah, tulijaaliwa kwenda Chiniot na watoto. Tuliswali katika Shahi Masjid, msikiti uliojengwa kati ya 1646 na 1655 na Sa'dullah Khan, mtu wa Chiniot aliyekuwa waziri wa Shah Jahan. Tukaliona pia jumba la Omar Hayat, mfanyabiashara aliyetajirikia Calcutta, ambalo mbao zake zilichongwa chini ya fundi Elahi Bakhsh Pirjha. Tajiri alifariki 1935, na mwanawe Gulzar akafariki mara tu baada ya harusi yake. Kaburi lake na la mama yake yamo humo humo ndani. Hapo watoto walinyamaza.

Kilichotugusa zaidi ni karakana moja ya uchochoroni. Shisham huota kwenye mchanga wa kingo za mito, kwa hiyo mafundi hawakukosa mbao. Mzee alichora ua juu ya ubao, akachimba mfereji mwembamba kwa patasi, akakata bati la shaba kwa umbo lile lile, akaligandisha na kuligonga taratibu, kisha akalipiga tupa mpaka kidole kikapita bila kukwama. Kipunjabi chetu ni cha kuombea chai tu, lakini alipotaja randa kijana wetu aliruka: "Kumbe nao wanaita randa!"

Tulimweleza kijana kwamba Nabii Zakariyya, alayhis salaam, alikuwa seremala. Akatuuliza, "Mbona basi mnanihimiza uhasibu?" Tulitazamana, baba na mama, tukanywa chai.

Mzee alitazama picha za mfuniko wetu, akakata majani kumi na moja ya shaba, akakataa malipo. Alimwambia kijana anunue patasi yake mwenyewe, asiazime.

Jani la kwanza alilitia mwezi wa Shaaban. Limekaa upande kidogo. Tumeliacha hivyo hivyo, na yamebaki kumi.