Wapeleke Watoto Kilimambogo

Watoto wakikusumbua Jumapili kuhusu madude ya sinema yaitwayo dainosa, wapeleke Machakos wakaone mnyama wa kuogopwa kwelikweli. Huko kuna mlima wa Kilimambogo, na jina lenyewe latosha kukuonya: ni mlima wa nyati.

Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kimo chake ni mita 2,145, na tangu 1967 ni mbuga ya taifa. Kutoka langoni hadi kileleni ni kama kilomita 9 za msitu. Usithubutu kupanda kwa miguu bila askari wa wanyama. Nyati aliyejificha kichakani hapigi hodi.

Mwendo wa kilomita 7 hivi, mtakuta makaburi. Hapo amelala William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyefariki 1925. Alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko. Waeleze watoto kwamba maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa 1931 kwa kumbukumbu yake, ilikuwa ya Wazungu tu. Baraza la jiji lilipoichukua 1962 ndipo ikawa ya wote.

Beba maji, chakula na masweta. Juu kuna baridi. Na mtoto akilalamika hapo makaburini kuwa amechoka, usimkemee. Mwambie zimebaki kilomita 2 tu afike mahali alikoshindwa kufika tajiri. Utamwona akiinuka mwenyewe.