Kuni za Mwakani

Njombe ya utotoni mwangu ilinuka miwati. Kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, iliipanda kwa ajili ya magome yanayotoa tanini ya kutengenezea ngozi. Wanakijiji nao wakaipanda kwa sababu zao, kubwa ikiwa kuni.

Baba aliikata mvua zikishakatika, mwezi wa Juni, akaipasua palepale ingali mbichi. Mwati ukikauka kwenye gogo unakuwa mbishi. Shoka linanasa, unabaki kuhangaika na kabari. Vipande vilipangwa upenuni juu ya mawe, mvua isipofika na upepo unapopita. Ukichomoa kimoja unasikia: “Hizo za mwakani, mwanangu.” Za mwaka ule zilikuwa uchanjani, juu ya mafiga, zikimalizikia kwa joto na moshi.

Mama alizipima kwa sikio. Aligonganisha mbili: kavu hulia kwa ukali, mbichi hudunda. Iliyompenya ikaingia motoni ilijitangaza yenyewe, ncha ikitoa povu na kufoka, moto ukihangaika kuchemsha maji ya mti badala ya maharage. Siku hiyo jikoni hapakaliki.

Watu husema gesi ndiyo iliyoua kuni. Kwetu hapana. Iliyotangulia ni misindano. Mbao zilipoanza kulipa, mashamba ya miwati yakageuzwa, na baadaye parachichi likachukua sehemu yake. Mashine za kupasulia mbao zikatuletea mabanzi. Banzi halitaki shoka wala subira: linanunuliwa leo, linachomwa leo, linawaka kwa fujo na kuzima upesi, na utomvu wake unaacha masizi yasiyotoka sufuriani. Upenuni pakawa pa kuegesha pikipiki. Mtungi wa gesi ulipoingia nyumbani, rundo la mwakani lilikuwa limeshasahaulika.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nami siwezi kuipinga, maana nakijua kikohozi cha jikoni. Mama anachemshia chai kwenye gesi. Makande, hakubali, anasema mtungi utaisha kabla mahindi hayajalainika. Kwa hiyo bado ananunua mzigo wa mwati kwa kijana mwenye toroli, anayeapa kila mara kwamba zimekauka. Mama huchukua mbili, akazigonganisha. Zikidunda, bei inashuka.