Kayaki Nyekundu na Kosa Letu



Kila tunapoanza kujitayarisha kwa kiangazi, hujitokeza mzazi mmoja mgeni akauliza kwa nini kayaki nyekundu ya vijana ina alama inayong'aa tumboni, mfano wa kovu la moto. Na kila mara mmoja wetu hucheka kidogo, akageuza mazungumzo. Sisi wazazi watatu tuliokabidhiwa vyombo vile tumeshauriana, tukaona kwamba kicheko hicho hakitoshi. Yako mambo mawili ya kuelezwa: namna ya kunyoosha plastiki iliyobonyea, ambayo ni elimu itakayomfaa kila mwenye chombo cha aina hiyo, na dhuluma ndogo tuliyomfanyia kijana wa watu. Hilo la pili tulilisema mbele ya wenzake, basi si vyema likabaki kunong'onwa faraghani.

Kayaki zetu ni mbili, nyekundu na buluu, nazo tulizinunua kwa mkono wa pili katika mwaka 2021 kwa michango ya familia zetu. Ni mitumbwi myembamba ya plastiki, yenye shimo la kukalia mtu mmoja, naye huiendesha kwa kafi lenye ubapa pande zote mbili. Tunazitumia siku za Jumamosi baada ya madrasa, katika ile hori ya Langstone iliyo baina ya kisiwa cha Portsea, ulipo mji wetu huu wa Portsmouth, na kisiwa cha Hayling. Wanaoijua hori ile wanajua kwamba maji yakitoka hubaki tope tupu, na kwa hivyo tumelazimika kuwafundisha watoto wetu habari za bamvua na maji mafu, elimu ambayo babu zao waliipata bila ya kufundishwa na mtu.

Jumamosi ya tarehe 16 Julai 2022 tulikwenda kama ada. Wakati wa kuiteremsha kayaki nyekundu, vijana wawili waliibeba, mmoja omo na mmoja tezi, na yule wa tezi, mwenye umri wa miaka 14, akateleza kwenye kokoto na kukiachia chombo. Tulisikia kishindo, na sote tuligeuka. Kijana alikiokota, akakikagua, akasema hakina kitu, na mchana ule wakakitumia bila ya taabu yoyote.

Tuliporudi jioni tulikuta ufunguo wa banda umeondoka na mwenzetu aliyekwenda harusini London. Tukaamua kuiacha kayaki juu ya keria ya gari, tumbo chini, na ile mikanda tuliyoikaza kwa nguvu zetu zote wakati wa kusafiri hatukuigusa. Tulisema ni usiku mmoja tu. Ukawa usiku wa pili, na wa tatu, na wa nne. Siku hizo, mtakumbuka, ndizo siku za lile joto ambalo halijapata kuonekana Uingereza. Jumanne ya tarehe 19 vipimo vilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu kuanza kuwekwa kumbukumbu za hali ya hewa nchini humu. Huku kwetu pwani hayakufika huko, lakini bati la gari lilikuwa halishikiki.

Jumatano tulipoifungua kayaki tuliona vibonyeo viwili tumboni, kila kimoja kipana kama sahani ya chai, kimoja mbele ya kiti na kimoja nyuma yake. Hatukujiuliza hata kidogo. Sote tulikumbuka kishindo cha Jumamosi. Na Jumamosi iliyofuata, vijana wote wakiwa wamesimama duara, tulimwita yule mwanetu, tukamwonyesha, tukamwambia kwamba mali ya jamaa ni amana, na kwamba hatashika kafi mpaka ajifunze maana ya neno hilo. Alifumbua mdomo kutaka kusema jambo. Tulimwambia asijibizane na wakubwa. Akanyamaza, na Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Sisi tulishughulika na plastiki. Kwanza tulikisukuma kibonyeo kwa goti kutoka ndani. Kilitoka kwa mlio kama wa kopo, tukafurahi, na kabla hatujamaliza kufurahi kikarudi mahali pake. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kunyoosha magari alishauri tujaze kwa ile lami ngumu ya mafundi bodi. Tunashukuru kwamba hatukumsikiliza, kwani plastiki hii, iitwayo poliethilini, haishikani na gundi za kawaida wala na lami hiyo. Baada ya muda mfupi ingebanduka kama ganda.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoacha kovu. Mmoja wetu, ambaye ameomba tusimtaje na tunaheshimu ombi lake ingawa mkewe anamtaja kila wiki, alileta mashine ya kupuliza hewa ya moto, ile wanayoitumia wapaka rangi kubandua rangi ya zamani. Mashine hiyo huweza kutoa hewa ya nyuzi mia kadhaa, na poliethilini huyeyuka kiasi cha nyuzi 120 au 130 tu. Dakika haikupita, mahali penye ukubwa wa sarafu palianza kung'aa na kulegea, tukaizima. Alhamdulillahi hapakutoboka.

Hapo ndipo tulipotafuta kujua chombo chetu kimefanywaje. Kayaki za namna hii hazichongwi wala haziungwi. Hutiwa unga wa plastiki ndani ya kalibu ya chuma, kalibu ikafungwa, ikatiwa motoni na kuzungushwa huku na huku, mpaka unga ukayeyuka na kutandaa sawasawa kwenye kuta zake, kisha ikapozwa. Umbo linalopatikana wakati ule ndilo umbo ambalo plastiki hulishika. Ukiibonyeza kwa muda mrefu, hasa katika joto, hukutii, lakini ile asili yake haipotei. Ukiipasha tena moto wa wastani hutaka yenyewe kurudi ilivyokuwa. Jua kali peke yake hutosha kwa kibonyeo kidogo, ukiilaza kayaki tumbo juu kwenye majani kwa saa chache. Kwa kikubwa zaidi, maji yaliyochemka ndiyo salama, kwani maji hayo hayawezi kupita nyuzi 100, na kwa hivyo hayawezi kuiyeyusha.

Basi Jumamosi ya pili ya Agosti tuliitoa kayaki uani, tukaing'oa kiti, tukaleta birika mbili za umeme na taulo. Alikuwepo mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Nungwi, ambaye utoto wake wote ulipita pembeni mwa mafundi wa majahazi. Alikuwa amekaa kitini na kikombe chake cha chai, akitutazama. Chombo cha plastiki hakikuwahi kumpendeza. Kwa mbao, alisema, unajua la kufanya: maji yakiingia unakalafati, unashindilia pamba na mafuta baina ya mbao, unapaka deheni chini, na chombo kinarudi baharini, lakini hiki, utashindilia nini na wapi? Tulimkumbusha ile dau ya Lamu iitwayo Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki za takataka, ikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikasafiri mpaka Unguja. Akasema hiyo ni habari nyingine, hiyo imeundwa na mafundi.

Kisha aliinuka, akaweka kikombe chini, akakipapasa kibonyeo cha mbele kwa kiganja. Akakipapasa cha nyuma. Akatuuliza:

"Mlisema kilianguka?"

"Ndiyo, mzee. Kwenye kokoto."

"Kikaanguka mara mbili?"

Hatukuwa na jibu. Akatuonyesha mikwaruzo ya tezi, pale palipogonga kokoto siku ile: mistari mitatu, myembamba, mikali, na hapakubonyea. Jiwe, alisema, huchubua. Vibonyeo vyetu havikuwa na mchubuko hata mmoja. Ndani yake plastiki ilikuwa laini kama siku iliyonunuliwa. Akapima kwa mkono wake kutoka kibonyeo hadi kibonyeo, dhiraa mbili. Kisha, bila ya kutuambia neno, akatoka nje ya ua, akaenda kwenye gari, akapima baina ya vyuma viwili vya keria. Dhiraa mbili.

"Hiki hakikuanguka," akasema. "Hiki kimelazwa vibaya. Hata dau ukiliegemeza pwani kwa gogo moja, siku likienda maji utalia."

Na aliyekilaza tulikuwa ni sisi. Mikanda tuliyoikaza iliivuta kayaki chini juu ya vyuma viwili vyembamba, na joto la siku nne likamaliza kazi. Tungetaka kuwaambia kwamba tuliondoka saa ile ile kwenda kuomba radhi. Ukweli ni kwamba tulikaa pale uani kiasi cha nusu saa tukishauriana, na miongoni mwetu alikuwepo aliyesema kwamba mtoto atakuwa amekwisha kusahau, na kwamba jambo lenyewe ni dogo, tusilikuze. Mzee alikuwa amerudi kitini. Hakutuingilia, ila alisema tu kwamba maji kwenye birika yanapoa.

Tulikwenda baada ya Magharibi, sote watatu. Mama yake alitufungulia mlango, akatukaribisha vizuri mno, jambo lililotuzidishia haya, akamwita mwanawe. Akateremka ngazi, akatuamkia, "Shikamooni," tukaitika, akabaki amesimama. Tulimweleza habari za keria, na mikanda, na joto. Tulimwambia kosa ni letu na si lake, na tunamwomba atusamehe.

"Mimi nilijua, Ami," alisema.

"Ulijua? Mbona hukutwambia, mwanangu?"

"Nilitaka kuwaambia. Mkasema nisijibizane na wakubwa."

Mama yake aliangalia chini. Hakuna kati yetu aliyepata neno, mpaka mama wa watu akatuhurumia akaleta kahawa.

Jumamosi ya tarehe 20 Agosti tuliwakusanya vijana wale wale, uani pale pale, tukasema mbele yao kama tulivyosema mara ya kwanza, safari hii tukilitaja kosa la wakubwa. Baadhi yao walitazamana. Mdogo mmoja akauliza kama sisi nasi hatutashika kafi mpaka tujifunze maana ya amana. Tulimwambia ana haki, na kweli siku ile hatukushika.

Kisha tukafanya kazi, na yule kijana ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Kayaki tuliiweka wima juu ya magodoro mawili ya zamani ili tumbo lisigandamizwe na kitu kigumu. Birika mbili za maji yaliyochemka zilimiminwa ndani juu ya kibonyeo cha mbele. Kazi hiyo tuliifanya wakubwa peke yetu, na watoto tuliwaweka mbali. Tulifunika kwa taulo nene, tukangoja dakika nne au tano, tukaongeza birika nyingine. Plastiki ilipolainika, kijana alichukua kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa, akakisukuma kibonyeo nje taratibu, na mara hii hakikutoa mlio. Kilipanda kama mkate unavyoumuka. Siri, kama iko siri, ni hii: usiachie. Ukiachia plastiki ikiwa na joto itarudi. Kijana aliendelea kuishikilia mbao huku wenzake wakitupia taulo zilizolowa maji ya barafu upande wa nje, kwa muda wa dakika kumi hivi, mpaka pakawa pa baridi kabisa. Alipoondoa mkono, tumbo lilikuwa sawa.

Cha nyuma kilikuwa kirefu zaidi kwa ndani na mkono haukukifikia vizuri. Tulikifanyia mara tatu. Kimetoka sehemu kubwa, lakini hakikutoka chote. Chombo kinakwenda sawa, ingawa mwenye sikio zuri husikia maji yakigonga pale.

Lau ingekuwa ni ufa na si kibonyeo, tusingeligusa. Ufa huchomelewa kwa plastiki ya aina ile ile, tena na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kijana alirudi majini Jumamosi mbili za Septemba. Kisha alijiunga na timu ya mpira ambayo nayo hucheza Jumamosi, na siku hizi tunamwona kwa nadra. Mama yake anatwambia ni mpira tu. Tunapenda kumwamini, wala hatukumwuliza zaidi.

Kwa sasa kayaki husafirishwa ikiwa imepinduliwa, tumbo juu, na vyuma vya keria tumevivika mipira minene. Mikanda hukazwa kiasi cha kuzuia chombo kisicheze, basi, na hufunguliwa mara tufikapo, hata ikiwa ni usiku. Banda lina funguo tatu, moja kwa kila mmoja wetu, na ya nne iko kwa mzee.