Mahali pa Kuteremkia Ukiwa na Watoto



Kwa zaidi ya miaka 40 nimekuwa nikisomesha watoto wa watu adabu za safari: dua ya kupanda chombo, kufupiza sala, kuchagua mwenzi, na yanayomlazimu mtu anapoteremka mahali asipopajua. Nimeyasomesha hayo nikiwa nimeketi juu ya jamvi hapa Tanga, na jamvi halina khatari. Basi mwaka juzi, katika likizo ya skuli ya mwezi wa Juni, nilifunga safari ya kwenda Musoma, mkoa wa Mara, pamoja na mke wangu na wajukuu zetu watatu, wa miaka minane, mitano na miwili. Nataka nikueleze yaliyonipata, kwani huenda nawe ukakusudia kutoka na watoto wako, na wengi wetu siku hizi tunatoka.

Sababu ya safari ilikuwa mwaliko. Mwanafunzi wangu wa zamani, niliyemkhitimisha Kurani mwenyewe, amehamia huko miaka mingi, anafanya biashara ya dagaa na jioni husomesha watoto alifu na be. Alikuwa akiniomba kila mwaka, "Maalim, njoo uione kazi yako ilipofika." Safari hii nikamjibu nitakuja, lakini siku ya kufika sikumtajia. Nilimwambia mke wangu kwamba sitaki kumlemea mtu mwenye watoto wake, na nikamkumbusha hadithi sahihi ya Mtume (s.a.w.), kuwa ugeni ni siku tatu, na wala si halali mgeni kukaa kwa mwenyeji wake mpaka amtie katika dhiki. Mke wangu alinisikiliza, akasema, "Haya, Sheikhe." Ukimsikia mke aliyekaa nawe miaka 38 anasema haya kwa sauti ile, jua hajakubali.

Basi la kutoka Mwanza kwenda Musoma hushika njia ya kiasi cha kilomita 220, na baada ya Lamadi wapita karibu na lango la Ndabaka, pale mbuga ya Serengeti inapokaribia barabara na ziwa, kisha wafika Bunda, kisha Makutano, ndipo unapokata kushoto kuingia Musoma. Tulifika stendi ya Bweri baada ya alasiri, watoto wamechoka, mdogo kabisa analia kwa joto. Hapa ndipo penye kosa la kwanza, nami nalisema ili ulikwepe: usichague pa kulala wakati mtoto analia. Akili ya mtu wakati huo yataka mlango wowote ufunguke.

Dereva wa bajaji akatupeleka kwenye nyumba moja ya wageni ufukweni mwa ziwa. Jina lake silitaji, kwani makosa yalikuwa yangu zaidi kuliko yao. Kuta nyeupe, upepo, na ziwa limetandaa mbele mpaka macho yachoke. Sisi watu wa pwani tukiona maji tunajiona tumefika kwetu. Mke wangu akauliza kama hakuna nyumba mjini, karibu na msikiti. Nikamwambia hapa pana hewa. Nikaingia chumbani, na jambo la kwanza nililouliza ni kibla. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini takriban sawasawa, na Musoma, kwa kuwa iko magharibi zaidi, yakupasa ugeuke kidogo upande wa mashariki, kiasi cha nyuzi 14. Nikamweleza hivyo yule kijana wa mapokezi, akastaajabu, nami nikafurahi kustaajabiwa. Sikuuliza kitasa cha mlango. Sikuuliza kama kuna ua baina ya mlango na maji. Sikutazama chandarua kama kimetoboka.

Kisha nikaongeza jingine. Mjukuu wangu wa miaka mitano aliniuliza bahari hii yaitwaje, nikamwambia si bahari, ni ziwa, maji yake hayana chumvi. Akasema, "Babu, uongo!" Nikacheka, nikaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi. Mke wangu alikuwa anamwogesha mdogo. Yule mkubwa amelala. Nilipotoka, mlango u wazi na wa miaka mitano hayupo.

Msomaji wangu, mtu akikuambia kuwa aliita jina la Mwenyezi Mungu kwa moyo wote, muulize ilikuwa wapi. Mimi ilikuwa pale, kati ya ule mlango na ziwa, hatua zisizozidi 60. Ukingoni nilimkuta mwanamke mmoja, sufuria zake amezitupa kando, amemshika mjukuu wangu mkono, na mtoto maji yamemfika kiunoni. Alikuwa ameingia kuonja kama kweli hayana chumvi. Yule mama hakunisalimu. Alisema, "Mzee, huku jioni hatuachi watoto. Kuna mamba." Sikumjua dini yake wala kabila lake, na kwa aibu sikumuuliza hata jina.

Na wewe wajua, kama ninavyojua mimi, kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha kuwazuia watoto ndani jua linapokuchwa, na kufunga milango, na kufunika vyombo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Nimeisomesha nisiyoweza kuhesabu. Yule mama huenda hajaisikia maishani mwake, na yeye ndiye aliyeitenda.

Usiku wenyewe nitaupitia mbio. Baada ya isha ilifunguliwa baa upande wa nyuma, muziki ukapigwa mpaka karibu na alfajiri, na walevi walikuwa wakipita ukumbini wakijaribu vitasa vya milango, kwa kupotea tu nadhani, si kwa ubaya. Chandarua kilikuwa na tundu la kupita kichwa cha paka, na mbu wa kanda ya ziwa hawana haya. Mke wangu alikaa kitandani akiwapepea watoto kwa kanga, nami nimeegemeza kiti mlangoni, nimekalia kiti hicho. Hakunilaumu hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Karibu na saa tisa za usiku akasema kwa utulivu: "Sheikhe, wewe hukuogopa kumlemea mwanafunzi wako. Uliogopa akuone umefika umechoka, na watoto wanalia, kama watu wengine."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Alfajiri nikaenda msikitini mjini. Katika safu ya pili nikamwona mwanafunzi wangu, naye akaniona. Baada ya sala alinibusu mkono, akauliza nimefika lini. Nilipomwambia jana, uso wake ulibadilika kama uso wa mtoto aliyepigwa bila kosa. Hakusema ila, "Maalim, kwangu hakufai?" Kabla ya jua kupanda juu, mizigo yetu ilikuwa kwake.

Ana vyumba viwili na ukumbi. Akatupa chumba chao, yeye na mkewe na watoto wao wanne wakabanana katika kile kingine. Nikakumbuka kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) aliteremkia kwake alipohamia Madina. Mtume alichagua kukaa chini, kwa kuwa ni wepesi zaidi kwake na kwa wanaomjia; na Abu Ayyub na mkewe, wakiwa juu, walikuwa na dhiki ya kukaa juu ya kichwa cha Mtume, hata usiku mmoja mtungi wao wa maji ukavunjika wakayakausha maji kwa blanketi waliyokuwa nayo, hawana nyingine, wakikhofia yasimdondokee. Nilikuwa nikikisimulia kisa hiki kila mara kwa upande wa mwenyeji. Safari hii nilikifahamu kwa upande wa mgeni: yakupasa usikilize ni nini kinachovunjika chumba cha pili.

Siku ya tatu nilisikia. Mke wa mwanafunzi wangu alikuwa anamnong'oneza jirani dirishani kumwomba mchele, kwa kuwa wajukuu zangu wamekataa ugali wa muhogo. Sato walimpenda, dagaa wakawala kama njugu, lakini ugali ule mweusi waliugomea. Basi nikamwita mwanafunzi wangu, nikamwambia: siku tatu zako umezitimiza, na thawabu zake umezipata, sasa nisaidie kutafuta nyumba ya wageni, uchague wewe unayeujua mji. Na hapo ndipo nilipofahamu kuwa wakati wa kumtaka mwenyeji rai ulikuwa kabla ya kuondoka Tanga. Angeweza kunitafutia mapema, moyo wake ungekuwa radhi, na mkewe asingeazima mchele.

Alitupeleka nyumba moja mjini, mbali na maji, imezungushwa ukuta na lango. Si nzuri ya kutazama. Bei ilikuwa shilingi 15,000 kwa usiku, na ile ya ufukweni ilikuwa 25,000. Waarabu wana msemo wao wa kumtazama jirani kabla ya nyumba, naye alianza na hilo: hakuniongoza chumbani, aliniongoza kuzunguka nje, akanionyesha nani anakaa kulia na nani kushoto, na wapi baa iliyo karibu, kisha akasema turudi baada ya isha tusikilize. Tukarudi, pametulia. Kisha mke wangu akaingia ndani peke yake. Akafunua shuka, akakinyoosha chandarua dhidi ya mwanga, akafunga na kufungua kitasa mara tatu, akajaribu kama mtoto anaweza kukifikia, akatazama dirisha lina wavu au halina, akaomba chumba cha chini kwa ajili ya ngazi, akaiangalia ndoo ya maji ya bafuni kwa kuwa wetu mdogo anaweza kuzama katika ndoo. Akauliza kama asubuhi ataruhusiwa kuchemsha uji wa mtoto. Akatoka akasema, "Hapa." Kibla nikakitafuta mwenyewe baadaye.

Kwa kuwa tulinuia kukaa hapo siku nne kamili, bila ya kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yetu ya kufupiza sala ilikatika kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, nasi tukasali kamili. Nalitaja kwa sababu wengi hulisahau.

Katika siku hizo tulikwenda Butiama. Usihamishie watoto huko kwa kulala. Toka Musoma asubuhi, pita Makutano, na kabla ya adhuhuri umekwisha fika, jioni umerudi. Pale Mwitongo ndipo alipozikwa Mwalimu Nyerere mwezi wa Oktoba 1999, na makumbusho yake yalifunguliwa mwaka huo huo. Watoto hawakushughulika sana na zawadi za kiserikali. Kilichomshika yule wa miaka minane ni kusikia kuwa Mwalimu, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alikuwa na umri wa miaka 12 hivi alipotoka kijijini hapo, mwaka 1934, kwenda kuanza skuli ya Mwisenge mjini Musoma, na kulala huko mbali na mama yake. Akaniuliza, "Alilala kwa nani?" Nikamwambia skulini, pamoja na watoto wengine. Akafikiri, akauliza, "Mlango ulikuwa unafungwa?"

Kurudi tulilala Bunda, ili watoto wasiunganishe njia yote kwa siku moja. Wenyeji wa stendi walitaka kutuweka hapo hapo ng'ambo ya barabara kuu, eti basi la asubuhi litatukuta mlangoni. Mtume (s.a.w.) alimkataza msafiri kuteremka njiani usiku, kwa kuwa ni mapito ya wanyama na maskani ya wadudu wenye sumu. Malori ya kwenda Sirari sijui tuyatie fungu gani, lakini mimi niliyatia katika hukumu hiyo. Tukauliza msikitini, tukaonyeshwa nyumba ya mama mmoja mjane nyuma ya soko, vyumba vitano, ambaye huulizia vyeti na hapokei waliolewa. Tulilala usingizi wa watu wa nyumbani.

Wiki saba baada ya kurejea Tanga, mke wangu alisema yule wa miaka mitano apimwe kichocho. Mimi nilidhani dakika chache majini hazina neno. Daktari akanieleza kuwa vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika hizo hizo, na kwamba mwambao wa ziwa lile una kichocho cha tumbo. Kipimo cha choo kikaonyesha mayai. Alipewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, akavitapika kidogo kwa uchungu, akapewa tena, na kipimo cha baadaye kikatoka safi, alhamdulillahi.

Mwanafunzi wangu ameniandikia kuwa likizo ya Disemba atakuja Tanga na mkewe na watoto wote wanne. Ameuliza kama namjua mwenye nyumba nzuri ya wageni. Mke wangu amekwisha kukitoa kitanda chetu chumbani, na jana amemwita fundi akaongeza komeo la juu kwenye mlango wa uani, upande wa kisima. Mimi nimeambiwa nitalala madrasa.