Pumzi Juu ya Lenzi

Nilipoiona The African Queen mara ya kwanza, kwenye mkanda wa video uliokwishachakaa, macho yangu yalikuwa kwa Bogart na Hepburn tu. Siku hizi nikiirudia naangalia maji. Hadithi yenyewe ni ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, lakini yale maji mazito ya kijani ni ya Mto Ruiki, Kongo, na aliyeyapiga picha mwaka 1951 ni Mwingereza Jack Cardiff. Karibu kikosi kizima kiliugua kwa maji machafu, naye akiwamo. Kazi haikulala.

Wakati huo alishapata Oscar kwa Black Narcissus, Himalaya iliyozaliwa ndani ya studio za Pinewood, milima yake ikiwa ya kuchorwa. Mwanga alijifunza kwa kutazama michoro ya Rembrandt na Vermeer. Kamera ya Technicolor ilikuwa dude zito, ikipitisha mikanda mitatu ya filamu kwa mpigo, nayo ilikula mwanga kama moto unavyokula kuni.

Ila kinachonishika zaidi ni jambo dogo. Katika A Matter of Life and Death, mwongozaji Michael Powell alitaka ufuko uchomoze taratibu kutoka ukunguni. Cardiff akaisogelea kamera, akaipumulia lenzi. Kioo kikafifia, mvuke ukayeyuka, bahari ikaja. Leo kwenye simu yangu ukungu ni kitufe.

Kisha akawa mwongozaji. Sons and Lovers ya 1960 ilimfikisha kwenye uteuzi wa Oscar ya uongozaji. Tuzo ya upigaji picha wa filamu hiyohiyo akaichukua Freddie Francis. Nilifurahi kwa ajili ya Cardiff hadi nilipoiona filamu yake The Mercenaries ya 1968. Kongo ya vita, mamluki, treni inayokata msitu, na ikapigwa Jamaika! Nilikaa nikiitafuta Kongo katika kila jani. Mtu aliyeujua Ruiki kwa homa ya mwili wake, nilitamani aturudishe pale.

Mwaka 1978 alikuwa tena nyuma ya kamera, Misri, kwa Death on the Nile. Mwaka 2001, akiwa na miaka 86, akapewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake. Alifariki 2009.

Jana usiku niliuweka tena ule ufuko wa Powell. Nikaurudisha nyuma mara nne, kwa ajili ya zile sekunde ambazo kioo kina pumzi ya Cardiff.